Pedi za breki: kabla hujauliza zinadumu muda gani

"Fundi, hizi zinadumu muda gani?" Karibu kila anayeleta gari kubadilisha pedi za breki huanzia hapo, na simlaumu, maana spea ni hela. Shida ni kwamba swali hilo linamsukuma kwenye pedi ngumu kuliko zote dukani, na muuzaji akishalisikia anajua atoe boksi gani. Pedi imetengenezwa iliwe. Inajisaga kwenye diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, ili mwendo wa gari ugeuke joto, na ile isiyotaka kuisha huanza kuila diski yenyewe. Diski mbili mpya ni ghali kuliko seti ya pedi, kwa hiyo ulichookoa huku unakilipa kule, tena na usukani unaotetemeka kila ukikanyaga breki.

Mimi nauliza kwanza: gari linatembea wapi, na linabeba nini?

Chukua IST ya mtu anayetoka Kimara kwenda Posta kila asubuhi. Breki anakanyaga mara nyingi mno, lakini za mwendo mdogo. Gari la tani moja likisimama kutoka kilomita 40 kwa saa, breki zinameza kama kilojuli 60 za joto, na kabla ya breki inayofuata diski imeshapata upepo. Sasa chukua Noah ya familia, watu saba na mizigo, jumla tani mbili hivi, inateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo au inashuka Kitonga ikitokea Iringa. Kila mita 100 inazoshuka kwa kimo, kama dereva hatumii gia, breki zinabeba zaidi ya kilojuli 1,900. Hizo ni sawa na breki 30 za ile IST, mfululizo, bila nafasi ya kupoa. Na mteremko hauna mita 100 tu.

Kwa hiyo pedi za magari haya mawili si lazima ziwe za aina moja, hata kama muuzaji anakwambia "hizi zinaingia kote".

Madukani utakutana na aina tatu hivi. Oganiki zimetengenezwa kwa nyuzi, raba na unga wa aina mbalimbali vilivyoshikamanishwa kwa gundi ya rezini. Ni laini, zinashika vizuri zikiwa baridi, hazipigi kelele na zina huruma kwa diski, ila zikipata joto kali zinachoka mapema. Pedi nyingi ambazo magari ya Japani hutoka nazo kiwandani ni za ukoo huu, na ndiyo maana Toyota ikifungwa pedi zake sahihi huwa kimya. Semi-metali zina chuma kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wake. Zinavumilia joto, lakini zina kelele zaidi, vumbi jeusi, na diski inaliwa haraka. Seramiki ziko kimya, vumbi lake ni jepesi na halichafui rimu, na bei yake imesimama. Magari ya Ulaya yana utaratibu wake: pedi zake za kiwandani mara nyingi huwa na chuma kidogo ndani, ndiyo sababu rimu za mbele za BMW huwa nyeusi wiki moja tu baada ya kuoshwa. Huo si ugonjwa.

Kwa IST ya foleni nafunga oganiki nzuri au seramiki, basi. Kwa Noah ya safari za milimani, au gari linalovuta trela, nitakushauri semi-metali ya kampuni inayoeleweka, na utavumilia vumbi. Pedi za mashindano usiziguse kwa gari la kila siku: zinataka moto ndipo zishike, na asubuhi bodaboda akikukatisha mbele, zako bado ni baridi.

Hapa niseme kitu ambacho madereva wengi hukichanganya, kwa sababu kinaamua ununue nini. Breki zikigoma mteremkoni kuna namna mbili. Ya kwanza, pedali ni ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, gari halishiki, na harufu ya kuungua imejaa. Hiyo ni pedi: rezini imeungua, imetoa gesi, na mshiko umepungua. Ya pili, pedali inakuwa laini na kuzama hadi sakafuni. Hiyo si pedi hata kidogo, ni mafuta ya breki yaliyochemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini hufyonza unyevu wa hewani, na yakishalowa kiwango chake hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Mtu mwenye tatizo la pili anaweza kubadilisha pedi mpaka achoke. Anachohitaji ni mafuta mapya, na kuzoea kuweka gia ya chini, 2 au L kwenye otomatiki, kabla mteremko haujaanza.

Kabla ya kwenda dukani, fungua tairi uzitazame za zamani. Hizo ndizo zinazosema ukweli. Ya ndani ikiwa imefika kwenye bati la mgongoni na ya nje bado nusu, pini za kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zimeganda au pistoni yake hairudi, na pedi mpya zitakufa kifo hicho hicho. Ikiwa imeliwa kimshazari, upande mmoja nene na mwingine nyembamba, kalipa haitembei sawasawa. Uso unaong'aa kama kioo maana yake imepata joto ikaota ngozi. Kingo zikiwa zinamomonyoka ukizisugua kwa kidole, au kuna nyufa, ilichemshwa kupita uwezo wake. Huyo ndiye mtu wa kupanda daraja la pedi. Kama zote nne zimeisha sawasawa, uso ni mkavu na umenyooka, sina sababu ya kukubadilishia aina. Rudisha ile ile.

Tazama na diski. Karibu na kitovu chake mara nyingi huwa pameandikwa "MIN TH" na namba ya milimita. Ikishapungua chini ya hapo hakuna kuskimu, yaani kuisawazisha kwa mashine, ni mpya tu.

Sasa dukani, iwe Gerezani au kwingineko. Usiseme "nipe pedi za IST" ukaishia hapo. Nenda na namba ya chasisi na ile pedi ya zamani mkononi, kwa sababu gari la jina moja linaweza kuwa na kalipa tofauti kulingana na injini na mwaka. Kwa Toyota, namba ya spea ya pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na breki shuu za nyuma 04495. Muuzaji akikupa boksi linaloanza na namba ya nyuma huku wewe unataka ya mbele, hapo hata hujafungua ushajua.

Fungua boksi. Ubavuni mwa pedi, au mgongoni, kuna mlolongo wa herufi na namba uliopigwa kwa wino, na mara nyingi mwishoni utaona herufi mbili: EE, FE, FF, GF. Ya kwanza ni mshiko wa pedi kwenye joto la kawaida, ya pili ni ikishapata moto. Mshiko huo hupimwa kwa namba ya msuguano: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari la kawaida natafuta FF. FE inakwambia wazi kwamba ikipata moto inalegea, na EE mimi sifungi hata ikiwa ya bure. Lakini herufi hizo si cheti cha ubora wala hazisemi chochote kuhusu kudumu. Alama yenye uzito zaidi ni E ndani ya duara na namba pembeni, pamoja na maandishi 90R: hiyo ni kanuni ya Ulaya inayotaka mshiko wa pedi mbadala usiachane na wa pedi za kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15.

Wino, bila shaka, hata mwizi anao. Kwa hiyo naangalia pia kazi yenyewe: nyenzo imeshika bati kotekote bila mwanya, bati halina kutu chini ya rangi, pedi nne zina unene mmoja, vibati vya kuzuia kelele vipo na vimekaa. Seti ambayo pedi moja ina rangi tofauti na wenzake huwa narudisha hapo hapo. Za mtumba sinunui kwa bei yoyote, maana hujui zilichemkia wapi.

Kufunga ni kazi ya fundi, ila simama karibu. Pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi ya silikoni, si grisi ya bushi, ambayo huvimbisha raba. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa kibichi, maana pedi za zamani zingine zilikuwa na asbesto na hata zisizo nayo si za kuvuta puani. Zibadilishwe za kushoto na kulia kwa pamoja. Na kabla gari halijatoka, pedali ipampiwe mpaka iwe ngumu, la sivyo breki ya kwanza itaingia hewani tupu na mlango wa gereji uko mbele.

Kisha zizoeshwe. Tafuta barabara tupu, nenda kilomita 50 au 60 kwa saa, punguza taratibu hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia mara ishirini au thelathini ukiacha nafasi ya kupoa. Siku mbili tatu za kwanza mkwaruzo mdogo ni wa kawaida. Ukisikia mluzi mkali unaoendelea hata hujakanyaga breki, au rimu moja ikawa ya moto kuliko mwenzake baada ya safari fupi, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo: kuna upande unaong'ang'ania.