Shakti Pitha ni nini?

Shakti Pitha ni mahali ambapo, kwa imani ya Wahindu, kiungo cha mwili wa mungu wa kike Sati kilidondoka kutoka angani. Shakti ni nguvu ya kike inayoendesha ulimwengu, na pitha ni kiti chake. Kinachoheshimiwa kwanza ni ardhi yenyewe. Jengo huja baadaye.

Kisa kinaanzia kwenye ugomvi wa mkwe na baba mkwe. Daksha, babake Sati, hakumtaka mungu Shiva, mume wa Sati, anayejipaka majivu na kushinda kwenye viwanja vya kuchomea maiti. Akaandaa ibada kubwa ya kafara ya moto, akaalika miungu wote isipokuwa yeye. Sati akaenda hivyo hivyo bila mwaliko. Aliposikia mumewe akitukanwa hadharani, akajitoa uhai papo hapo. Shiva akaubeba mwili begani, akazunguka nao akicheza kwa hasira hadi dunia ikawa hatarini, ndipo mungu Vishnu akaukata vipande kwa Sudarshana, gurudumu lake lenye makali.

Idadi inayotajwa zaidi ni 51, ila wako wanaohesabu 52 na hata 108, na mahekalu kadhaa hugombea kiungo kilekile. Ukiletewa orodha ukaambiwa ndiyo sahihi peke yake, ipokee tu kwa tabasamu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kamakhya, juu ya kilima cha Nilachal mjini Guwahati, jimbo la Assam. Hapo panasemekana uliangukia uke wa Sati. Hekalu lililopo lilijengwa upya na watawala wa Koch mwaka 1565. Waumini hushuka ngazi hadi chumba cha chini chenye giza, na huko hawakuti sanamu: kuna ufa kwenye mwamba, unaoloweshwa na maji ya chemchemi. Wanainama, wanayagusa maji, wanapisha wengine.

Kila Juni, mvua kubwa zinapoanza, hufanyika sikukuu ya Ambubachi. Mungu wa kike wa Kamakhya huaminika kuwa hedhini, kwa hiyo milango hufungwa siku 3 na wakulima huacha kulima, maana ardhi nayo inapumzika. Milango ikifunguliwa, waumini hugawiwa vipande vya kitambaa chekundu. Katika dini ambayo mahekalu mengi humzuia mwanamke aliye hedhini asiingie, hili si jambo dogo.

Kamakhya pia huchinjwa mbuzi. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea majirani wenye asili ya Gujarati wasiogusa nyama, huenda akashangaa, lakini ibada za mashariki mwa India zina desturi zake. Wagujarati wenyewe wana hekalu la Ambaji, ulikoangukia moyo. Huko nako hakuna sanamu. Huabudiwa yantra, mchoro mtakatifu. Mungu wa kike wa hapo, Amba, ndiye anayechezewa garba, ngoma ya duara, usiku wa Navaratri, sikukuu ya siku tisa, hata huku kwetu.

Jwalamukhi, Himachal Pradesh, ulikoangukia ulimi, panaabudiwa ndimi za moto wa gesi asilia zinazotoka mwambani. Na si zote ziko India. Hinglaj iko kwenye milima mikavu ya Balochistan, Pakistan, ambako Waislamu wa maeneo hayo nao hupaheshimu na kumwita mungu wa kike wa mahali hapo "Nani", yaani bibi.