Je, wajua programu ya hisabati hutambuaje kwamba mtajo (maandishi ya hesabu kama 3x + 2) una kigeu (herufi inayosimama badala ya namba) ndani yake?

Dereva wa bajaji pale Mwenge, ambaye chombo si chake, hupeleka kwa tajiri wake kile kinachoitwa "hesabu" kila jioni. Tuseme ni shilingi 20,000. Ikiwa makusanyo ya siku nzima ni x, na kinachobaki mkononi mwa dereva ni x − 20,000, basi fedha anayoipokea tajiri yaweza kuandikwa x − (x − 20,000). Je, mtajo huo una x? Jicho linaiona x mara mbili, lakini tajiri anajua kwamba siku ya mvua na siku ya sikukuu hupokea kiasi kile kile. Katika swali hilo dogo mna maswali mawili: kama x imeandikwa, na kama thamani ya mtajo inaitegemea x.

Programu za hisabati za alama, yaani zile zinazokokotoa kwa kutumia herufi na si namba tupu, hulazimika kuyajibu maswali haya mara nyingi katika kazi moja. Haziwezi kuchora grafu ya mtajo ambao bado una herufi ya ziada isiyopewa thamani, wala haziwezi kutoa kipande nje ya alama ya intigrali (hesabu ya kujumlisha vipande vidogo mno) kabla ya kuhakikisha kwamba kipande hicho hakina kigeu kinachointigrishwa.

Mtu angeweza kudhani kwamba inatosha kuitafuta herufi katika maandishi, kama tunavyotafuta neno katika waraka. Njia hiyo inaharibika mapema sana, kwa sababu maandishi exp(2) yana herufi x katika jina la fomula yenyewe, ilhali hayana kigeu chochote. Ndiyo maana programu hizi hazihifadhi mtajo kama mstari wa maandishi, bali kama mti. Mtajo 3x + sin(y) una alama ya kujumlisha kwenye shina. Tawi moja ni la kuzidisha, lenye majani 3 na x, na tawi la pili ni la sin, lenye jani y. Programu hupita tawi kwa tawi hadi kwenye majani, na kila jani lina aina yake iliyokwisha kuandikishwa: hili ni namba, hili ni kigeu. Herufi π nayo ni jani, lakini imeandikishwa kuwa namba, kwa hiyo haihesabiwi miongoni mwa vigeu. Katika SymPy, ambayo ni maktaba ya lugha ya Python, amri inayokusanya vigeu hivyo ni free_symbols.

Hapa pana mtego ambao naona mwanafunzi anastahili kuonywa mapema. Katika SymPy, x iliyoundwa bila sharti na x iliyoundwa kwa sharti kwamba ni chanya ni vigeu viwili tofauti, ingawa vikichapishwa kwenye skrini vinafanana kabisa. Ukiuliza kama mtajo una ile ya kwanza wakati ulijengwa kwa ile ya pili, utajibiwa kwamba hauna, na jibu hilo ni sahihi.

Zipo pia herufi zilizomo katika mtajo kwa muda tu. Intigrali ya t² kutoka 0 hadi 1 ni theluthi moja, na t ndani yake ni kama deiwaka wa daladala: anashika usukani kwa safari chache, na ungeweka mwingine mahali pake safari isingebadilika. SymPy hutofautisha mambo haya kwa amri mbili. Amri ya has hukubali kwamba t imo, kwa kuwa kweli imeandikwa, ilhali free_symbols haiitaji t kabisa. Maxima, programu iliyotokana na Macsyma ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1968 katika chuo cha MIT nchini Marekani, ina amri ya freeof, na hiyo nayo huipuuza herufi ya muda kama hiyo.

Sasa turudi kwa tajiri wa bajaji. Mtajo wake, x − (x − 20,000), SymPy huupunguza yenyewe mara tu unapoandikwa, na kinachobaki ni 20,000. Lakini x(x + 1) − x² − x haupunguzwi hivyo, kwa sababu kufungua mabano ya vigeu bila kuombwa kungeweza kuzaa mitajo mirefu mno. Basi free_symbols itasema kwamba x imo, ingawa thamani ni 0 daima. Vivyo hivyo kwa sin²x + cos²x, ambayo ni 1 kwa kila x. Kupita kwenye mti hujibu swali la kuandikwa, na hakuwezi kujibu swali la kutegemea.

Swali la kutegemea lina ugumu wa ndani kabisa. Mwaka 1968 mwanahisabati Daniel Richardson alithibitisha kwamba, kwa mitajo inayojengwa kwa namba wiani (zinazoandikika kama sehemu), π, logi asilia ya 2, kigeu x na fomula za sin, exp na thamani halisi (ukubwa wa namba bila kujali alama yake ya hasi), hakuna utaratibu mmoja wa kompyuta unaoweza kuamua kila mara kama mtajo ni sawa na 0 kwa kila x. Kwa hiyo amri ya SymPy iitwayo is_constant hufanya kile mtu makini angefanya: huweka namba tofauti mahali pa x na kulinganisha matokeo, kisha hujaribu kutafuta kama kiwango cha kubadilika ni 0. Namba mbili zikitoa majibu mawili tofauti, imethibitika kwamba mtajo unaitegemea x. Zikitoa jibu moja, bado si uthibitisho, na pale njia zote zinaposhindwa kuamua, amri hiyo hairudishi ndiyo wala hapana, bali hurudisha None, yaani "sina jibu", na anayeandika programu inampasa aitengee njia yake ndani ya msimbo.