Treni za mfano na mkono wa dereva: dhana potofu na ukweli

Mtu akiiona ProtoThrottle kwa mara ya kwanza, huuliza kwa nini rimoti ya treni ndogo ijazwe mikono na swichi namna ile. Ni kidhibiti cha mkononi kinachotengenezwa Marekani na Iowa Scaled Engineering. Kina mkono wa nguvu wenye ngazi 8, mkono wa kuchagua mbele au nyuma, mkono wa breki, mkono wa honi, kitufe cha kengele, na swichi za taa za mbele na za nyuma. Vyote vimepangwa kwa kufuata meza ya dereva kwenye vichwa vya treni vya dizeli vya Marekani. Swali hilo ni la haki. Tatizo ni majibu yanayozunguka, maana mengi yanapotosha.

Dhana: Ngazi 8 ni kasi 8, au ni gia.

Hili ndilo kosa linalozaa mengine yote. Kichwa cha treni cha dizeli kama SD40-2, kilichotengenezwa kwa maelfu na kampuni ya Marekani ya EMD kuanzia 1972, hakina gia za kubadilisha. Dizeli huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huo huzungusha mota zilizo kwenye ekseli. Dereva akipandisha mkono hadi ngazi ya 4, anaagiza nguvu, hajaagiza kasi. Mwendesha baiskeli anaelewa mara moja: ukikanyaga kwa nguvu ile ile, tambarare utakimbia, mlimani utatambaa. Ngazi ya 4 ikivuta mabehewa 10 matupu hailingani hata kidogo na ngazi ya 4 ikivuta 80 yaliyojaa makaa ya mawe.

Rimoti ya kawaida yenye kitufe cha kuzungusha hufanya kinyume: unachagua kasi, treni inatii. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha treni za mfano kwa miaka mingi bila kujua dereva halisi anafikiria nini.

Dhana: Ukinunua kidhibiti chenye sura ya kweli, treni nayo itaenda kama ya kweli.

Haitaenda, kwa sababu nusu ya kazi iko ndani ya kichwa chenyewe. Treni nyingi za mfano leo hutumia DCC, mfumo wa kuongoza treni kwa amri za kidijitali, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kupitishwa kuwa kiwango na NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, katika miaka ya 1990. Reli hubeba umeme pamoja na amri, na dikoda iliyofichwa ndani ya kila kichwa husoma amri zinazokihusu. Kwa hiyo hata kidhibiti hiki chenye ngazi 8, mwisho wa yote, hutuma namba za kasi. Uzito wa treni lazima ubuniwe na dikoda.

Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Dikoda ina mipangilio yenye namba iitwayo CV: CV3 hupanga treni ichukue muda gani kuongeza kasi, na CV4 hupanga ichukue muda gani kuipunguza. Ziache karibu na sifuri, na treni itaruka na kusimama ghafla, jambo ambalo hakuna tani elfu kadhaa za chuma ziwezazo kulifanya. Zipandishe sana, kisha uunganishe mkono wa breki na kazi ya breki ya dikoda, na mambo yanabadilika kabisa. Unashusha mkono wa nguvu hadi sifuri, treni inaendelea kuteleza. Unagusa breki kidogo, unaachia, unagusa tena. Behewa unalotaka kuunganisha liko sentimita chache mbele, na ulipaswa kuanza kulifikiria zamani. Dikoda za sauti zilizo bora hutenganisha hata mngurumo na mwendo: injini hupanda sauti kwanza, treni hufuata baadaye.

Dhana: Breki ni breki.

Kichwa cha treni kina breki yake peke yake, na treni nzima ina breki nyingine. Hiyo ya pili ni ya upepo, iliyobuniwa na George Westinghouse mwaka 1872 ili ifanye kazi yenyewe: shinikizo kwenye bomba likishuka, kila behewa hufunga breki kwa upepo uliohifadhiwa katika tangi lake. Mpira unaounganisha bomba hilo kati ya mabehewa ukikatika, treni inasimama. Kulijaza bomba upya kwenye treni ndefu huchukua dakika kadhaa. Waendeshaji makini wa treni za mfano husubiri dakika hizo wakishaunganisha mabehewa, ingawa hakuna upepo wowote mezani. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote, maana bila kusubiri huko kazi ya yadi hugeuka mbio.

Dhana: Honi ni ya kupendezesha.

Honi ni lugha yenye sheria. Marekani, treni inayokaribia makutano ya barabara hupiga mara mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu, na kwa kawaida huanza sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika. Pima mwenyewe. Katika kipimo cha HO, yaani 1:87, treni inayotumia sekunde 10 kupita mita 1 inawakilisha takriban kilomita 31 kwa saa. Basi honi ianze kulia ikiwa imebaki mita 1.5 hadi 2. Wengi hupiga honi wakati kichwa cha treni kiko tayari barabarani.

Dhana: Kugeuza mwelekeo ni kubonyeza tu.

Simamisha treni kwanza. Dikoda itakusamehe ukikosea, kichwa halisi hakisamehi. Katika vichwa vingi vya Marekani mkono wa kuchagua mbele au nyuma huchomolewa kabisa, na dereva akiuchomoa, kichwa hakiwezi kuondoka kwa nguvu zake.

Dhana: Uhalisia unahitaji chumba kizima.

John Allen, mmoja wa wajenzi mashuhuri wa reli za mfano Marekani, alibuni fumbo la kupanga mabehewa liitwalo Timesaver, nalo hutosha kwenye ubao mwembamba. Njia chache za pembeni, mabehewa machache, kichwa kimoja. Kwa mkono wa nguvu usiotii papo hapo na breki inayodai subira, kulitoa behewa moja nyuma ya mengine mawili na kulifikisha kwenye mlango wa ghala huchukua muda wa kutosha kabisa. Ukijenga ubao kama huo, endesha kichwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa kuwa kwenye treni halisi mfanyakazi anayetembea kando ya mabehewa naye anahitaji muda wa kufika kwenye kiungio na kukifungua.