Sakata la Mkataba katika Raga ya Ligi: Maana Yake na Chanzo cha Hasira za Mashabiki

Sakata la mkataba ni kipindi, aghalabu cha miezi kadhaa, ambacho mchezaji mwenye jina huwa katika mazungumzo ya kurefusha mkataba wake huku klabu nyingine zikimnyemelea, naye hajakubali wala hajakataa. Mazungumzo ya kawaida hayaitwi sakata, kwa kuwa wachezaji wengi husaini kimya kimya na habari yao hupita kwa siku moja. Yanageuka kuwa sakata pale tarehe ya jibu inaposogezwa mara ya pili na ya tatu, wakala anapoanza kuzungumza na waandishi kwa niaba ya mteja wake, kocha anapoulizwa swali lile lile baada ya kila mechi, na mashabiki wanapohisi kwamba wanapigwa danadana. Nitalieleza jambo hili kwa kutumia raga ya ligi ya Australia, maana huko kanuni zenyewe huzalisha masakata ya namna hii kila mwaka.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua raga kupitia Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba, au kupitia raga ya wachezaji 15. Raga ya ligi ni ndugu wa michezo hiyo. Ina wachezaji 13 kila upande, na ilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, pale klabu zilizotaka kuwafidia wachezaji waliokosa ujira wa siku kwa sababu ya mechi zilipojitenga na chama kilichopinga malipo ya aina yoyote. Wengi wa wachezaji hao walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani, na fidia iliyokubaliwa ilikuwa shilingi sita kwa siku. Nalitaja hili kwa sababu, kila sakata linapozuka, hawakosekani mashabiki wanaolalamika kwamba fedha imeuharibu mchezo, ilhali mchezo huu ulianzishwa ili mchezaji alipwe.

Ligi kuu ya Australia na New Zealand, inayojulikana kama NRL, ilifikisha klabu 17 mwaka 2023 ilipoingia Dolphins ya Queensland. Ndani ya ligi hiyo ipo tarehe ambayo kila shabiki anaijua, nayo ni 1 Novemba. Mchezaji ambaye mkataba wake unamalizika mwishoni mwa msimu unaofuata huruhusiwa, kuanzia siku hiyo, kuzungumza na klabu yoyote na hata kumwaga wino. Msimu huanza karibu na mwanzo wa Machi, fainali kuu huchezwa mwanzoni mwa Oktoba, na mikataba humalizika 31 Oktoba. Matokeo yake ni kwamba mchezaji anaweza kusaini na wapinzani mwezi Novemba, kisha akavaa jezi ya klabu anayoihama kwa msimu mzima, na pengine akakutana uwanjani na waajiri wake wajao kabla hajahamia kwao. Katika soka mchezaji huruhusiwa kusaini kwingine ikiwa imebaki miezi sita, na klabu inayomuuza mapema hupata ada ya uhamisho. Katika NRL muda huo unakaribia mwaka mzima, na kwa kawaida hakuna ada yoyote, hivyo klabu iliyomlea kijana tangu utotoni inaweza kumwona akiondoka bila kupata chochote cha kumnunua mrithi wake.

Kanuni ya pili inayochochea moto ni kikomo cha mishahara, ambacho kilianza kutumika mwaka 1990. Kila klabu hupewa kiwango cha juu cha fedha inachoruhusiwa kuwalipa wachezaji wake, na kwa msimu wa 2023 kiwango hicho kilipangwa kuwa zaidi ya dola milioni 12 za Australia. Adhabu za kukikiuka ni kali. Mwaka 2002 Bulldogs ya Canterbury, iliyokuwa kileleni mwa msimamo, ilikatwa pointi 37 ikaangukia mkiani, na mwaka 2010 Melbourne Storm ilipokonywa ubingwa wa 2007 na wa 2009 kwa kuwalipa wachezaji kwa siri. Kwa hiyo nyota anapochelewa kujibu, hachelewi peke yake. Fedha aliyotengewa haiwezi kupewa mtu mwingine, wachezaji wawili au watatu wa daraja la kati wanaosubiri ofa zao huanza kutazama kwingine, na shabiki aliyezoea kupiga hesabu za kikosi anaona msimu ujao ukiharibika kabla haujaanza. Hapo ndipo kauli ya mashabiki, kwamba mchezaji asaini au aseme wazi kuwa anaondoka, inapopata uzito wake. Kinachodaiwa na kauli hiyo ni tarehe, na naiona kuwa dai la haki kabisa.

Masakata makubwa karibu yote huwahusu wachezaji wa nafasi chache zilezile, hasa wale wa jezi namba 1, 6 na 7. Hao, pamoja na namba 9, ndio uti wa mgongo wa timu, kwa sababu mpira hupita mikononi mwao karibu katika kila shambulizi. Wenye kipaji cha kuziongoza timu katika nafasi hizo ni wachache kuliko klabu zinazowahitaji.

Ili kuielewa haki ya mchezaji kusitasita, inafaa kurudi mwaka 1968, pale Dennis Tutty, mchezaji wa klabu ya Balmain ya Sydney, alipotaka kuondoka. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, lakini kanuni za wakati huo ziliiruhusu klabu kuendelea kumshikilia mchezaji na kudai ada kwa yeyote aliyemtaka, hata kama haimlipi tena. Tutty alikataa kucheza, akakaa nje msimu wote wa 1969, na katika msimu huohuo Balmain ikaishangaza South Sydney katika fainali na kutwaa ubingwa. Alikosa medali ambayo wachezaji wengi huitafuta maisha yao yote. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Australia, ambayo mwaka 1971 iliamua kwamba kanuni hizo zilikuwa zuio lisilo halali dhidi ya mtu kufanya kazi yake. Miaka 20 baadaye, mwaka 1991, mahakama ya shirikisho iliubatilisha pia utaratibu uliozipa klabu zamu ya kuwachagua wachezaji waliomaliza mikataba, baada ya wachezaji kuupinga, akiwamo Terry Hill ambaye alikuwa amepangiwa klabu asiyoitaka. Uhuru wa leo wa mchezaji kusema kwamba bado anafikiria ulipatikana kwa gharama, na ningependa kila anayemzomea mchezaji kwa kutosaini haraka ajue gharama hiyo ililipwa na nani.

Balmain baadaye iliungana na Western Suburbs na kuwa Wests Tigers, klabu ambayo mashabiki wake wameonja masakata ya mikataba kuliko wengi. Mwaka 2017 wachezaji wanne muhimu, James Tedesco, Aaron Woods, Mitchell Moses na Luke Brooks, walikuwa wakimaliza mikataba kwa wakati mmoja. Kocha mpya, Ivan Cleary, alipowasili mwezi Aprili aliwaambia waandishi, kwa mfano wa basi, kwamba kila mchezaji anapaswa kuamua kama anapanda au anabaki chini. Mashabiki waliupenda mno mfano huo, kwa kuwa hatimaye kuna mtu aliyesema kwa sauti yale waliyokuwa wakiyasema wao kwa miezi. Moses aliondoka katikati ya msimu kwenda Parramatta, Tedesco na Woods wakahama mwisho wa mwaka, Brooks akabaki. Baada ya msimu wa 2018 Cleary naye aliondoka kwenda Penrith akiwa bado na mkataba, na hasira za mashabiki zikamgeukia yeye. Nimeliwaza tukio hili mara nyingi, kwa sababu linaonyesha kwamba jeraha la shabiki halitokani na mchezaji wala kocha fulani. Linatokana na kuambiwa awe na moyo wake wote mahali ambapo wengine wameruhusiwa kuwa na mguu mmoja nje.

Miaka minane baadaye jeraha hilo lilitoneshwa. Mwezi Aprili 2025 Lachlan Galvin, kijana wa miaka 19 ambaye alikuwa na mkataba na Tigers hadi mwisho wa 2026, aliijulisha klabu kwamba hataurefusha. Tigers ilikuwa imeshika mkia kwa misimu mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, na haikuwa imecheza mechi za mtoano tangu 2011, kwa hiyo kijana huyu alikuwa sehemu kubwa ya matumaini yaliyosalia. Klabu ilimshusha katika kikosi cha akiba, baadhi ya wachezaji wenzake wakaonyesha kinyongo chao hadharani kwenye mitandao ya kijamii, na mashabiki wakagawanyika. Wapo waliomwita msaliti. Wapo waliosema kwamba kijana wa umri huo ana haki ya kuchagua mahali pa kukuzia kipaji chake, tena alikuwa amesema mapema badala ya kungoja Novemba. Wapo waliomshambulia wakala wake. Kocha wake, Benji Marshall, shujaa wa ubingwa wa 2005, aliwahi yeye mwenyewe kuihama klabu hiyo mwishoni mwa 2013 baada ya mazungumzo ya mkataba wake kwenda mrama, na hilo halikumzuia kurudi na kupendwa. Katikati ya msimu Galvin aliachiwa, akatua Bulldogs ya Canterbury.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipita haraka. Galvin alitoa jibu mapema, yaani alifanya lile ambalo mashabiki hudai katika kila sakata, na bado alishambuliwa. Kwa maoni yangu, hii ni kwa sababu ndani ya hasira za mashabiki mna mambo mawili yanayochanganywa. Lipo la kusubiri, ambalo linaweza kutatuliwa kwa kanuni, kwa tarehe na kwa uwazi. Na lipo la kuachwa, ambalo hakuna kanuni inayoweza kulitatua, kwa kuwa shabiki habadilishi klabu. Mchezaji huhamia Canterbury kwa siku moja, lakini mtu ambaye babu yake alishangilia Balmain hana mahali pa kuhamia.

Zamani kanuni zilikuwa na tundu lililoyakuza masakata zaidi, kwa sababu mchezaji aliyekwisha kukubaliana na klabu nyingine aliweza kubadili nia hadi raundi ya 13 ya msimu. Mwaka 2014 Tedesco alikubali kwenda Canberra, kisha akaghairi. Mwaka 2015 Daly Cherry-Evans, aliyetwaa ubingwa na Manly mwaka 2011 katika msimu wake wa kwanza, alitangazwa kuwa mchezaji mpya wa Gold Coast Titans kuanzia 2016, na mwezi Juni akabadili nia akabaki Manly kwa mkataba mrefu kiasi cha kuitwa mkataba wa maisha. Mashabiki wa Gold Coast, waliokuwa wamekwisha kumkaribisha, walimzomea alipokwenda kucheza kwao. Tundu hilo liliondolewa baada ya hapo. Hata huo mkataba wa maisha haukuwa wa maisha, kwani mwezi Machi 2025 Cherry-Evans alitangaza kwenye televisheni kwamba ule ungekuwa msimu wake wa mwisho Manly.

Si kila sakata humalizika kwa kuondoka. Mwaka 2022 Cameron Munster wa Melbourne Storm alihusishwa kwa miezi mingi na Dolphins, iliyokuwa ikijenga kikosi chake cha kwanza chini ya kocha Wayne Bennett, na mashabiki wa Melbourne walikaa roho juu hadi Oktoba, aliposaini kubaki. Furaha ilikuwa kubwa na lawama zilisahaulika mara moja. Kwa jinsi nilivyoona, msamaha wa mashabiki kwa anayebaki huwa wa papo hapo, hata kama aliwachelewesha kuliko yule aliyeondoka.

Kwa upande mwingine yupo Dylan Brown, ambaye mkataba wake na Parramatta ulikuwa na kipengele kinachomruhusu kujitoa. Mwezi Machi 2025, msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza, ilitangazwa kwamba angehamia Newcastle Knights kwa miaka 10, kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa takriban dola milioni 13 za Australia. Alibakiwa na karibu msimu mzima wa kuichezea klabu isiyotwaa ubingwa tangu 1986, mbele ya mashabiki waliojua tarehe ya kuondoka kwake. Vipengele vya hiari kama chake ndivyo vinavyofanya sakata liweze kuanza hata pale mkataba unapoonekana kuwa na miaka mingi mbele.

Wazo la kuweka dirisha la usajili, ili mazungumzo yote na klabu pinzani yafanyike baada ya msimu kumalizika, limejadiliwa mara kwa mara Australia. Lina faida iliyo wazi kwa shabiki, kwani hangelazimika tena kumshangilia mchezaji aliyekwisha kusaini kwa wapinzani. Mchezaji, kwa upande wake, angelazimika kuamua maisha yake ndani ya wiki chache, na yule wa daraja la kati ambaye hakuitwa na mtu angeweza kujikuta hana klabu wala muda wa kuitafuta, katika mchezo ambao goti moja likiumia kazi inaweza kuisha. Ndiyo maana naunga mkono dirisha hilo kwa sharti kwamba liwe refu, lianze mara tu baada ya fainali kuu, na kwamba mikataba isimalizike kabla halijafungwa.