Jina la ugonjwa wa akili si hukumu ya maisha

Hapa Nairobi ikisikika tu umepelekwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, mtaa mzima ushaamua wewe ni mwenda wazimu milele, eti daktari ameona kitu kwa ubongo na hakibadiliki. Si hivyo. Magonjwa mengi ya akili hayana kipimo cha damu kama malaria, daktari anakuuliza maswali, anaangalia dalili na zimekaa muda gani, halafu analinganisha na mwongozo, yaani kitabu kinachoeleza dalili za kila ugonjwa. Na miongozo yenyewe haikubaliani kwa kila kitu! Chukua skizofrenia, ugonjwa ambao mtu anaweza kusikia sauti ambazo hazipo ama kuamini mambo yasiyo kweli: DSM ya Wamarekani inataka dalili ziwe zimeendelea angalau miezi 6, ICD ya Shirika la Afya Duniani inatosheka na mwezi 1, sasa mtu yule yule mwenye dalili za miezi miwili huku anapewa jina hili, kule lingine. Tena miongozo hiyo hurekebishwa: ushoga ulihesabiwa ugonjwa mpaka Wamarekani wakauondoa 1973, ICD ikangoja hadi 1990. Jina linasaidia kuchagua dawa na tiba, hiyo ndiyo kazi yake na ni muhimu kweli. Lakini landlodi kukufukuza ama bosi kukunyima kazi juu ya hilo jina, hayo hayako kwa mwongozo wowote, na wengi wakitibiwa wanarudi kazini kama kawaida.