Si Uvivu Tu: Dhana Potofu Kuhusu Mazoezi ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Jijini Nairobi

Dhana: Mwanafunzi asiyefanya mazoezi ni mvivu.

Ukweli: Hakuna dhana iliyoenea kuliko hii, wala inayodhuru kuliko hii, kwa kuwa humhukumu mwanafunzi bila kuitazama siku yake. Nairobi ipo karibu na ikweta, hivyo jua huzama karibu saa 12:30 jioni mwaka mzima. Anayetoka darasani saa 11 na kukwama ndani ya matatu kwenye Barabara ya Thika hufika chumbani kwake giza limeshaingia. Kwa msichana, giza hilo lina uzito wa pekee. Kumtaka akimbie peke yake nje ya lango la hosteli, penye taa chache na vijana wanaomtupia maneno ya kuudhi, kisha kumwita mvivu anapokataa, ni kumwonea. Njia yenye taa, askari aliye macho langoni na wenzake wawili watatu wa kukimbia nao vitamtoa chumbani haraka kuliko hotuba yoyote juu ya nidhamu.

Dhana: Akielezwa faida za mazoezi, ataanza.

Ukweli: Faida hizo wengi wanazijua tangu shule ya msingi. Wanasaikolojia wa Marekani Edward Deci na Richard Ryan walieleza kwamba hamu ya kudumu hutegemea mambo matatu: mtu ajichagulie mwenyewe, ajione anaweza, na ahisi kuwa ana wenzake. Anayesukumwa na aibu ya unene au masimango ya marafiki huelekea kuacha mapema, ilhali anayefurahia mchezo wenyewe huendelea. Ndiyo maana kumlazimisha mpenzi wa dansi ainue vyuma ni kupoteza nguvu za watu wawili.

Dhana: Siku 21 zinatosha kujenga mazoea.

Ukweli: Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu 96, wengi wao wanafunzi. Kwa makadirio yao, mazoea yalichukua takriban siku 66 kukomaa, yakitofautiana kutoka siku 18 hadi 254 baina ya mtu na mtu. Tena, kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Hilo lingejulikana zaidi, wengi wasingekata tamaa wiki ya nne wakidhani wameshindwa.

Dhana: Bila ada ya jimu na saa nzima ya nafasi, hakuna mazoezi.

Ukweli: Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa sharti kwamba kila kipindi kifikie dakika 10. Kutembea kwa kasi hadi darasani, au kupanda ngazi badala ya lifti, kunahesabika.

Dhana: Wakati wa mitihani, mazoezi huiba muda wa kusoma.

Ukweli: Mwendo hupunguza wasiwasi na huboresha usingizi, na ni katika usingizi ndipo ubongo huyaimarisha yale yaliyosomwa mchana. Kwa maoni yangu, chuo kinachofunga uwanja wake katika wiki hizo huwanyima wanafunzi msaada hasa wanapouhitaji. Aliyezoea kukimbia jioni apunguze hadi dakika 20 katika kipindi hicho, asiache kabisa, kwani mara baada ya mitihani huja likizo, wenzake wa kukimbia hutawanyika, na kuanza upya muhula unaofuata huwa kugumu zaidi.