Ukaazi wa msanii katika maabara maana yake nini?

Mjomba wangu ni mchongaji hapa Mtwara, na riziki yake yote imetoka kwenye mpingo. Juzi nilimwambia kuwa kuna maabara za sayansi zinazowaalika wasanii wakae humo kwa miezi. Akaniuliza, "Sasa huyo msanii anakwenda kufanya nini huko, mjomba? Kupaka ukuta rangi?" Nilimjibu kwa haraka, wala jibu halikumtosha. Hili ndilo jibu alilostahili.

Neno ukaazi wengi tunalijua kutoka kwenye kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Kwa wasanii, ambao wengine husema residensi, lina maana nyingine: taasisi inampa msanii mahali pa kukaa, muda wa kutosha na posho, afanye kazi yake akiwa ndani ya maisha ya mahali pale. Mwenyeji anaweza kuwa nyumba ya sanaa, chuo au hata kiwanda. Katika ukaazi wa maabara, mwenyeji ni watafiti. Msanii anahudhuria vikao vyao, anaona vifaa vyao vikifanya kazi na vikigoma, anauliza, anakula nao mchana.

Swali la mjomba lina msingi, kwa sababu jambo hili huchanganywa na kazi ya kuajiriwa. Kituo cha utafiti kikitaka bango la kuwaonyesha wakulima namna ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, kitamtafuta mchoraji, kitamweleza kinachotakiwa, naye atachora na kulipwa. Hiyo ni kazi ya heshima, lakini si ukaazi. Bango linajulikana kabla penseli haijashikwa. Mkaazi anaingia bila kujua atatoka na nini, na mwenyeji anakubali hivyo tangu mwanzo. Kanuni hiyo ilitetewa sana London na Barbara Steveni na John Latham, ambao mwaka 1966 walianzisha kundi la kuwapeleka wasanii kwenye viwanda na ofisi za serikali. Walitaka msanii alipwe kwa kuwapo kwake na kwa jicho lake, asidaiwe bidhaa maalumu. Mimi naona hicho ndicho kiini cha dhana yote. Kikiondolewa, kinachobaki ni zabuni.

Mwaka huohuo wa 1966, mwezi Oktoba, wasanii kumi walifanya maonyesho ya usiku tisa mjini New York pamoja na wahandisi wapatao thelathini, wengi wao kutoka maabara za Bell, kituo cha utafiti cha kampuni ya simu ya Marekani. Waliowaunganisha walikuwa mhandisi Billy Klüver na mchoraji Robert Rauschenberg. Siku hizi mfano unaotajwa zaidi ni CERN, kituo cha fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambako chembe ndogo kuliko atomu hugonganishwa ndani ya handaki la mviringo lenye urefu wa kilomita 27. CERN ilianza mpango wake wa sanaa mwaka 2011. Msanii wa kwanza wa mpango huo, Mjerumani Julius von Bismarck, aliunganishwa na mwanafizikia ili wawe wanazungumza mara kwa mara. Katika Chuo Kikuu cha Western Australia, maabara ya SymbioticA iliyoanzishwa mwaka 2000 ilikwenda mbali zaidi: msanii alivaa glavu na kujifunza kukuza seli kwa mikono yake mwenyewe.

Tuirudishe nyumbani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele hakiko mbali na mji wa Mtwara, na kinajulikana kwa korosho. Huko ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua ya mkorosho, unachunguzwa, na miche bora inazalishwa kwa kubebesha: kikonyo, yaani kitawi kilichokatwa kwenye mti mzuri, kinachongwa kama kabari, kinapachikwa kwenye mche mwingine na kufungwa mpaka vishikane. Kinachotumika ni kisu kikali na mkono usiotetemeka. Mjomba naye anaishi kwa kisu na patasi. Anajua kutenganisha ngozi nyeupe ya mpingo na moyo wake mweusi, na anajua mti unakokubali kukatwa na unakokataa. Mkalishe miezi mitatu kwenye kitalu na wabebeshaji. Atauliza swali gani kuhusu miti miwili inayoshikana kuwa mmoja? Sijui, wala mtafiti hajui, na ndiyo sababu ya kumwita. Huenda atachonga. Huenda atawafundisha namna nyingine ya kunoa kisu. Huenda atakaa kimya mwezi mzima, na mwenyeji avumilie.

Upo pia upande unaonitia wasiwasi. Maabara nyingine humtaka msanii ili ziipambe sura yao, picha zipigwe siku ya wageni, basi. Sisi wa Kusini tuna sababu ya kuwa macho. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, na watu wa huku wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa Ujerumani. Mnyama mmoja mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 amesimamishwa Berlin mpaka leo. Msimamizi hodari wa uchimbaji ule alikuwa Boheti bin Amrani, lakini wanaokumbukwa zaidi ni Wajerumani walioandika ripoti. Msanii akialikwa maabara, jina lake lisiachwe kwenye mizigo.

Kwa hiyo mambo yaandikwe kabla hajahama kwake: posho ni kiasi gani na inalipwa lini, nani anagharamia vifaa na usafiri, kazi itakayotoka ni mali ya nani, data zipi anaruhusiwa kuonyesha na zipi bado ni siri ya watafiti, na nani atamfundisha usalama wa kemikali.

Nilipomweleza mjomba hayo yote alisikiliza hadi mwisho, gogo likiwa katikati ya miguu yake. Kisha akauliza kama hao wa kitalu hunoa visu vyao kwa jiwe au kwa tupa.